Paka

Lugha yetu haikujali kutenganisha:
paka wa darini, na paka dawa.
Neno moja. Nimelitumia tangu utoto
bila kulitazama usoni,
mpaka mdomo wangu ulipotoka malengelenge
siku nne kabla ya harusi ya Mwanaesha.

"Ni homa inatoka," alisema mama. "Iwate itoke."
Lakini ni mimi niliyepewa kazi ya kumtoa bibi harusi.
Nisimame mbele ya wanawake wote wa Langoni
na mdomo kama ulioumwa na siafu?

Kwenye kidaka cha tatu, nyuma ya kikombe cha marehemu nyanya,
ilikuwapo tyubu ya Shee mwanangu,
ya ukurutu wa viwiko,
imekunjwa kutoka chini kama mkeka.
Yeye ilimtuliza kwa siku tano.
Nikakamua. Nikapaka.

Siku ya kwanza wekundu ulinywea.
Nikajisifu, nikarudi kwenye kofia ya Bwana Famau,
vitobo mia na ushei vikingoja uzi.
Siku ya pili nikaongeza.
Siku ya tatu niliamka nayo saba,
yamepanda hadi chini ya pua
kama wageni walionusa pilau,
na jicho la kushoto linawasha.

"Umepaka nini?"
Daktari Barissa, mtu wa Garsen, hacheki ovyo.
Nilitoa tyubu ndani ya buibui
kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Akaisoma. Akanimulika jicho, akanitia tone la manjano,
akamulika tena, kimya, muda mrefu mno.
"Limesalimika. Ungengoja hadi Ijumaa nisingeahidi."
Kisha: "Paka wa mji huu, unawasikia usiku?"
"Nani hawasikii?"
"Wakipigana darini unawatukana. Lakini mle mna panya.
Wekundu ule, uvimbe ule, ndizo kelele zao.
Dawa hii huwalaza paka.
Panya haimgusi."

Nikaangalia sakafu.

"Na Shee?" nikauliza.
"Kwa Shee hamna panya. Paka wake wanapigana na kivuli.
Huko walaze: utepe mwembamba, urefu wa ncha ya kidole,
utoshe viganja viwili vya ngozi.
Kwa siku nilizoandika. Ngozi ikitulia, acha.
Ukizidisha miezi, itakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara.
Usoni mwake usipeleke bila kuniuliza.
Na penye usaha, usipake kabisa."

Mimi akanipa vidonge vya virusi.
"Panya huyu hafi. Hurudi shimoni kwenye neva, akalala.
Siku akikutekenya tena mdomoni, njoo siku hiyo hiyo,
usingoje atoe kichwa."

Basi harusini nilikaa nyuma, mtandio hadi puani,
na kikombe changu mwenyewe.
Somoe akanisogezea kichanga chake, hata arubaini hajatimiza,
nimbusu. Nikarudisha mikono mapajani.
Walisema nina kiburi.
Kiburi hupona.

Tyubu nimeishonea kitambaa kwa uzi wa kijani:
VIWIKO VYA SHEE.
Jana Athman seremala alikuja kuiazima, anakuna shingo.
"Hebu nione. Ni duara? Kingo zimeinuka?"
Mashilingi yale. Ukiyapaka hii hujificha,
yakatambaa chini kwa chini hadi mgongoni.
Nikamwelekeza kwa Barissa.
Akaniita bahili, akaenda zake akijikuna.

Sasa ni saa nane ya usiku.
Juu ya paa la jirani wameanza, wawili, labda watatu,
sauti za watoto wanaochinjwa.
Shee anageuka usingizini, viwiko vyake vikavu, laini.
Ulimi wangu unakagua gaga la mwisho mdomoni.
Kiatu kiko karibu na mkono.
Sikirushi.